Wanawake Kumi na Mmoja Ukingoni mwa Kisima

Mkebe wa picha niliuchukua mimi.

Kwa miaka kumi na moja nimesema sikuuchukua. Nimesema kwa mdomo, nimesema kwa simu, nimesema kwa kutikisa kichwa, na mara moja, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilisema kwa kuuliza kwa mshangao: "Kwani umepotea?" Nilisema hivyo huku mke wa kaka yangu akiitwa mwizi mbele ya wanawe. Yeye ndiye aliyefagia chumba cha Bibi juma lile la matanga, na watu wakaona ni jambo lililo wazi kwamba aliyefagia ndiye aliyezoa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani palepale, na shahada zangu mbili, nikinywa kahawa ya msiba. Mkebe ulikuwa tayari ndani ya sanduku langu, umevingirishwa kanga.

Tangu siku hiyo umekaa chini ya kitanda changu, kwanza Nairobi, kisha hapa Juba, katika nyumba ya vyumba viwili niliyopanga mtaa wa Munuki. Kazi yangu hapa ni kusahihisha ripoti zilizoandikwa na watu wengine kuhusu shida za watu wengine. Jioni naandika mambo yangu. Nimeandika insha tatu kuhusu kumbukumbu za watu wa visiwani, na katika mojawapo nililaumu kwa ukali sana "wale wanaojitwalia historia ya jamii na kuifungia kabatini." Insha hiyo ilisifiwa. Niliisoma hadharani kwa sauti ya kutetemeka kidogo, mahali panapofaa.

Nieleze mkebe ulikuwa na nini, au tuseme nieleze kiasi ninachoruhusiwa.

Kisiwa chetu kiko kaskazini mwa Lamu, na kwetu arusi ina siku ya kupamba. Bibi arusi huwekwa juu, akapambwa, na wanawake wa mji mzima wakaja kumtazama wakiwa wamejipamba wenyewe, buibui limevuliwa mlangoni. Mwanamume haingii. Siku hizi hata simu haziingii: pana mwanamke huketi mlangoni na kikapu, na asiyetaka kuacha simu yake kikapuni arudi kwao. Enzi za Bibi hapakuwa na simu, lakini palikuwa na kamera moja. Mume wa jirani yetu alikuwa baharia wa meli kubwa, akamletea mkewe kamera ile inayotema picha papo hapo kama mtu anayetoa ulimi. Wanawake waliielewa siku ileile. Kamera nyingine zote zilihitaji filamu ipelekwe Mombasa, na Mombasa kulikuwa na mwanamume chumbani gizani akiwatazama wakitokea majini. Hii haikumhitaji mwanamume wa aina yoyote. Ilipiga, ikatema, wakapepea, wakacheka, picha ikaingia mkebeni.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, mwanamume asizione. La pili, mkebe uwe na mweka mmoja, mwanamke, na asitoe picha ila waliomo ndani yake wakubali. Bibi ndiye aliyekuwa mweka. Picha ishirini na tatu, zote za kupamba kwa shangazi yangu, uani kwa Bibi, kwenye kiwanja chetu cha ufukweni. Hazikuwa na nakala. Kamera ya namna ile haiachi kitu nyuma. Kilichotoka ndicho hichohicho.

Msitarajie niwaambie walivaa nini, au nywele zilisukwaje. Naandika hivi nikijua baadhi ya wasomaji wangu ni wanaume, na nimekwisha kuvunja ahadi za kutosha.

Kwa nini niliuchukua? Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu zuri. Siku ya tatu ya matanga nilimsikia binamu yangu mmoja, mtu mwenye ndevu na maoni, akisema picha za marehemu walio wazi vichwa hazifai kubaki duniani, zichomwe. Nikajiambia kwamba naziokoa. Neno nililolitumia moyoni ni "kuhifadhi." Nalipenda sana neno hilo. Ukilitumia vizuri, unaweza kubeba nyumba nzima ya mtu ukaondoka nayo huku unapigiwa makofi.

Jibu la kweli ni kwamba mama yangu yumo. Alikufa nikiwa na miaka minne, na hakuna picha yake nyingine popote. Nilijua kuwa mkebe ukikaa kwa Shangazi nitaomba ruhusa ya kumtazama mamangu kama mtu anayeazima sufuria. Basi nikamwiba.

Sasa nieleze hasira, maana nilianza kuandika hivi nikiwa na hasira na bado ninayo.

Mwaka huu alitokea mtu kutoka bara, mwenye karatasi, akasema ufukwe wote wa upande wetu ni wake. Amenunua. Kwa nani, hakuna ajuaye, karatasi inajua. Alichora ramani ya hoteli, na pale palipokuwa na nyumba ya Bibi pameandikwa "ardhi tupu." Nyumba yenyewe ilianguka zamani, Bibi angali hai, akahamia kwa Shangazi, na mawe yakajenga za wengine, ndiyo desturi, kisima kimejaa mchanga, makaburi mawili ya kando hayana maandishi, kwa sababu babu zetu walidhani wajukuu wao watakumbuka. Shangazi ana hamu moja tu aliyobaki nayo duniani, nayo ni kuzikwa pale, pembeni mwa mamake. Kamati ya ardhi ikampa muda alete ushahidi kwamba pamewahi kukaliwa na watu.

Alipeleka wazee wanne wakashuhudie. Kila mmoja alitaja idadi yake ya vyumba. Wawili wakagombana hapohapo juu ya mlango ulielekea wapi. Katibu wa kamati akafunga daftari akasema maneno yale yanayonifanya mpaka sasa nisage meno: "Mama, kumbukumbu si ushahidi. Lete picha."

Picha! Watu wakapekua nyumba zao. Wakapata picha za wanaume gatini, wanaume mbele ya msikiti, wanaume na mpira, wanaume wameshika samaki mrefu kuliko mtoto. Hakuna hata mwanamume mmoja aliyewahi kupigwa picha uani kwa Bibi, kwa sababu uani kwa Bibi mwanamume hakuwa na shughuli. Kiwanja kile chote, kuta zake, kisima chake, kibaraza chake, vilionekana mahali pamoja tu ulimwenguni. Mahali penyewe palikuwa chini ya kitanda Munuki.

Shangazi alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia. Nilikuwa nimekaa barazani nikila mkate wa kisra uliobaki tangu mchana, jenereta la jirani linanguruma, ikabidi nisikilize simu ikiwa sikioni kabisa.

"Aliye na mkebe wa mamangu aurudishe," alisema. "Sitamuuliza kitu. Sitamtaja. Aurudishe tu, nipate kufa."

Baada yake aliandika binamu mwenye ndevu: "Aulizwe aliyefagia."

Na baada yake, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, akaandika wifi yangu mwenyewe: "Nimechoka. Njooni mnipekue. Mtoto wangu mkubwa ameanza kuniuliza kama ni kweli."

Mtu mwema angejibu palepale. Mimi nilikaa siku tisa. Nilitunga ujumbe mrefu wenye aya sita, ulioanza na historia ya kamera visiwani na kufikia wizi wangu karibu na mwisho, kwa lugha ya kutendwa: "mkebe ulichukuliwa." Niliusoma nikaona una mtiririko mzuri. Ndipo nikajichukia vizuri, chuki safi isiyo na madaha, nikaufuta wote nikaandika: "Ninao mimi. Wifi hakuiba. Ni mimi."

Nikaona alama zikigeuka buluu, moja baada ya moja, watu thelathini na kitu. Hakuna aliyejibu. Hata binamu.

Kesho yake Shangazi akapiga. Hakunisalimu.

"Ziko nzima?"

"Ziko, Shangazi. Zimefifia kidogo. Joto la huku…"

"Ile ya kisimani?"

"Ipo."

Ile ya kisimani ina wanawake kumi na mmoja wameketi ukingoni mwa kisima, na nyuma yao ukuta wa nyumba na kibaraza. Ni ile moja tu inayoonyesha kila kitu. Bibi arusi yumo, ndiye Shangazi mwenyewe. Mamangu yumo. Kati yao watano wangali hai.

"Usifanye kitu," alisema. "Hata kimoya. Mpaka niseme na wenzangu."

"Muda wa kamati unakwisha wiki ijayo, Shangazi."

"Nimekwambia usifanye kitu. Wewe una tabu ya kusikia tangu mdogo."

Akakata. Nami, mwenye tabu ya kusikia, nikaanza kufanya kitu.

Niliona njia ya mkato. Nitakata picha: kisima na ukuta vibaki, wanawake waondoke. Sharti halijavunjwa, kamati imeridhika, mimi nimegeuka kuwa shujaa. Nikashangaa kwa nini wanawake wazee wahitaji wiki nzima kufikiria kile nilichokifikiria mimi nikipiga mswaki. Nilijaribu kwanza kwa simu yangu, lakini karatasi ya picha zile inang'aa, nikapata picha nzuri ya kivuli cha kichwa changu. Ilihitaji mashine.

Nilikwenda kwa Msomali wa dukani, mzaliwa wa Eastleigh, aliye na mashine ya kila kitu nyuma ya magunia ya mchele.

"Leta tu, madam," alisema. "Hapa tunaskani kila kitu. Hata cheti cha ndoa, hata cha talaka."

"Ni picha za wanawake."

"Hakuna shida. Mimi ni kama kaka yako."

"Wewe ni kaka yangu. Si kaka yao."

Akanitazama, akautazama mkebe, akaelewa. "Za harusi? Za ndani?" Akarudi nyuma hatua mbili kana kwamba nimemletea nyoka. "Astaghfirullah. Toa hapa kabla sijaona bahati mbaya. Vuka, uliza pale steji ya boda, kuna mama ana ofisi. Yeye ni mwanamke, hata ukiwa na mia moja ataangalia."

Mama huyo ana kibanda cha mabati chenye kompyuta mbili, anachapia watu barua za maombi ya kazi na za kuomba radhi makanisani. Kwao ni Rejaf, kusini kidogo mwa Juba, lakini amekulia kambini Uganda, na Kiswahili chake amekileta kutoka huko. Aliwatoa nje vijana wawili waliokuwa wakisubiri, akafunga mlango kwa komeo, akawasha mashine.

"Haya, nionyeshe hawa malkia."

Nilimpa ile ya kisimani. Akaishika kwa kucha, kama mtu aliyewahi kushika vitu visivyo na nakala. Alicheka, akapiga paja. Akawataja kwa sura: huyu mchokozi, huyu bibi arusi, huyu amebanwa na viatu. Kisha kidole kikasimama.

"Huyu ni mama yako."

"Umejuaje?"

"Mimi iko na macho. Yeye nakaa kama wewe nakaa sasa. Kama mtu nataka kukimbia."

Nikamwambia haraka kazi ninayoitaka: kata hapa, kata hapa, watu watoke, kisima kibaki.

Aliacha kucheka. "Kata watu?"

"Wasionekane. Ni desturi."

"Na mama yako pia kata?"

"Wote."

Akaiweka picha juu ya meza, polepole. "Sikia, mama. Sisi tulikimbia hapa na sufuria na mtoto mgongoni. Picha tuliacha. Mama yangu alipigwa picha moja tu maisha yake yote, kule Rejaf, kanisani, padri alipiga. Nyumba ilichomwa. Kalas, imekwisha. Sasa mimi nikifunga macho, sura mafi, hakuna. Naona nguo, sura mafi. Wewe iko na sura, iko na jina, iko na shangazi anajua hadithi. Na wewe nalipa mtu afute?"

"Sifuti. Nakata nakala."

"Ah." Akanitazama kwa jicho ambalo sijatazamwa nalo tangu shule ya msingi. "Wewe ni mtu wa kusoma, eh?"

Alikata. Kazi yake ilikuwa safi. Nililipa nikatoka nikiwa na hasira naye, na njia nzima nilimjibu kichwani kwa hoja nzuri nzuri: kwamba haelewi desturi yetu, kwamba huzuni yake amenitwika mimi, kwamba katika mji huu ambamo ukiinua simu barabarani upande wa Bilpam, kwenye makao ya jeshi, unaweza kuipoteza pamoja na meno, nani ampe mwenzake somo la picha. Hoja zilikuwa imara. Nilizirudia mara tatu, na mtu mwenye haki hahitaji kurudia mara tatu.

Kisha nikamtumia katibu wa kamati kisima changu kisicho na watu.

Alijibu kwa sentensi mbili. Ya kwanza, kisima hicho kinaweza kuwa cha kisiwa chochote. Ya pili, ushahidi uonyeshe watu wanaotambulika. Nilizisoma mara nyingi nikitafuta kosa la kusahihisha, maana ndiyo kazi yangu, nikakosa. Alisema kweli, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Nilikuwa nimewatoa wanawake nikakibakiza kisima, kumbe ndio waliokifanya kuwa chetu. Bila wao kilikuwa shimo.

Ningeweza kunyamaza tena. Lakini katibu alikutana na Shangazi gatini akamwambia kwamba ameletewa kisima na mkono. Mkono! Pembeni mwa kisima, mahali ambapo mimi na mama wa mashine hatukuangalia, ulibaki mkono mmoja umeshika ukingo.

Simu ililia nikiwa kazini. Nikatoka nje nikasimama karibu na tangi la maji.

"Ule mkono ni wa nani?" Shangazi aliuliza.

"Shangazi, mimi nilidhani…"

"Sikuuliza ulidhani nini. Ni wa nani?"

"Sijui."

"Ni wangu! Ni mkono wangu siku ya arusi yangu, na kijana yule wa kamati ameuona, akautazama huku akila chakula cha mtana. Mato yako yako wapi?"

"Nisamehe, Shangazi. Nilitaka kusaidia. Nilitaka kuhifadhi…"

"Usinitajie hilo neno!" Sikujua kuwa bado ana sauti kubwa hivyo. "Umetukata. Watu kumi na moya umetukata kama mtu akataye mkia wa samaki. Aliyetwambia ardhi ni tupu ni yule wa bara. Wewe ukamsaidia. Ukamtumia picha: tazama, ni kweli, tupu!"

Nilisimama pale nikimtazama mlinzi wa lango akijifanya hasikii. Kwa miaka yote hii nilikuwa nimejiandaa kuitwa mwizi. Nilikuwa hata na utetezi. Kwa hili sikuwa na kitu.

Shangazi akavuta pumzi. Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka, si ya upole, ya kikazi.

"Sisi watano tumekaa. Tumewaita mabinti wa wale sita. Watano wao wamesema. Mmoja amebaki, naye ni wewe. Mamako hayupo, wewe ndiwe ulimi wake. Atakubali aonekane ama hatakubali?"

Hapa ndipo nilipopaswa kuwa na maneno. Nimeandika kuhusu mwanamke huyo kurasa ngapi! Nimempa mawazo, nimempa ujasiri, katika insha moja nimempa hata msimamo kuhusu elimu ya wasichana. Nilifungua mdomo nikatafuta mtu mmoja halisi ambaye angependa au asingependa kutazamwa na mtu asiyemjua, na sikumwona.

"Sijui," nilisema. "Sikumjua, Shangazi."

Nikasikia jogoo upande wake.

"Haya," akasema. "Leo umesema kweli. Basi nitakwambia mimi nimjuaye. Mamako alikuwa na haya mbele za wanaume na hakuwa na haya hata chembe mbele za wanawake. Alitutekesha mpaka mbavu zikatuuma, tukalia. Kwa wanawake, atakubali. Kwa wanaume, hatakubali. Wasemaje?"

"Iwe hivyo."

"Itakuwa hivyo kwa wote. Wenzangu wamesema hilohilo. Picha haiendi kwa kamati. Kamati ndiyo itakuja kwa picha, na itakuja kwa miguu ya mwanamke."

Aliniambia walilopanga, nami nikaona haya jinsi lilivyokuwa jepesi. Ofisi ya ardhi ya huko ina wapima wengi na mmoja wao ni mwanamke. Watamtaka yeye. Ataingia nyumbani kwa Shangazi kama mgeni yeyote wa kupamba: simu kikapuni, kamera kikapuni, mlango umefungwa. Ataangalia kwa macho yake, na atakachokiona atakiandika kwa kalamu yake. Kamati ikikataa, basi ikatae kwa maandishi kwamba neno la mpima wake si neno.

"Na wewe usije," alimaliza. "Nikikuona sasa nitakutia bakora mbele za watu, na mpima ataona sisi wakorofi. Mkebe mpe mwanamke aulete."

Jirani yangu Munuki ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa, naye alikuwa anakwenda likizo. Nilimpa mkebe umevingirishwa kanga ileile. Kabla ya kuufunga nilimtazama mamangu kwa muda niliodhani utanitosha. Wifi yangu alivuka hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, kumpokea muuguzi. Aliniandikia neno moja tu, "Nimeupata," bila salamu, na nilistahili kidogo kuliko hilo.

Zikafuata siku ambazo sikuweza kusoma ripoti. Kila nilipokuta mtu ameandika "jamii zilizo hatarini" nilifuta kwa nguvu. Niliwakasirikia wote kwa zamu: mtu wa bara na ramani yake; katibu, ambaye kwake mwanamke anayekumbuka ni porojo na karatasi ya mgeni ni sheria; wazee wanne na milango yao; binamu na kiberiti chake. Zamu yangu ilikuja mara nyingi kuliko zao. Nilipita mara moja mbele ya kibanda cha mama wa Rejaf nikitaka kumwambia kwamba alikuwa na haki. Alikuwa na wateja. Nilinunua tu bahasha nisiyoihitaji.

"Malesh, mama, samahani," aliniambia akinipa chenji. "Siku ile nilikuwa mkali."

"Hukuwa mkali wa kutosha," nikamjibu, naye akacheka, akageukia mashine yake.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, Shangazi akapiga.

"Amekuja juzi," alisema. Nyuma yake palikuwa na kelele za wanawake, vikombe, mtu anacheka. "Kisichana chembamba, na kofia ya jua. Wifiyo alikuwa mlangoni na kikapu. Akasema yeye ni mtumishi wa serikali, hawezi kutoa simu. Wifiyo akamwambia, basi serikali ikae nje pamoya na simu, wewe ingia. Akatoa."

"Akaziona?"

"Akaziona zote. Ile ya kisimani aliishika mpaka kahawa yake ikapoa. Akatutazama sisi, akatazama picha, akatutaja mmoya mmoya, wewe huyu, wewe huyu. Mimi alinikosa. Alisema huyu bibi arusi ni mzuri sana, yuko wapi. Wenzangu waliteka, mbavu hawana, mpaka mmoya akatoka nje."

"Kisha?"

"Kisha tukaenda kiwanjani. Tukafukua mchanga mpaka ukingo ukatoka. Akatuketisha watano, kila mtu pale alipoketi siku ile, na wale sita akaweka mawe mahali pao. Akapima kutoka kwetu hata ukuta ulipokuwa. Akakuta msingi, uko palepale ulipokuwa kwenye picha, haukusogea hata shubiri. Akaandika kurasa nne. Akatusomea. Ameandika majina yote kumi na moya, na la mamako. Leo asubuhi kamati imetia muhuri. Kile kipande si cha yule mtu. Kimetoka kwenye ramani yake."

Nilitaka kusema kitu kikubwa. Nikasema, "Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi."

"Shangazi, na picha? Nikija, nitaweza…"

"Picha zina mweka," alisema. "Tumemchagua jana, wote tumekubali. Ukitaka kumwona mamako, utamuomba wifiyo."

Nikasikia simu ikipokezanwa, kelele zikikaribia, kisha pumzi ya mtu mwingine aliyekuwa hajazungumza nami kwa sauti yake tangu matanga.

"Haya," akasema wifi yangu. "Omba."